Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Kitaaluma Kuhusu Uhusiano wa Watu na Wanyama: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Punda wa Lamu

Uhusiano una pande mbili, lakini tasnifu nyingi ninazozisoma kuhusu watu na wanyama zina upande mmoja tu. Mwanafunzi huwauliza watu mia mbili wanawaonaje fisi, tembo au mbwa, akachora majedwali, akahitimisha, na katika kurasa zote hizo hakuna fisi, tembo wala mbwa anayeonekana akifanya jambo lolote. Upande wa pili, wanabiolojia huhesabu wanyama kwa uangalifu mkubwa kisha wakamtaja binadamu katika sentensi moja kama kisababishi cha usumbufu. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili anayetaka kuziona pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nimeujenga juu ya mfano mmoja, punda wa Lamu na watu wanaofanya kazi nao, kwa sababu hatua za utafiti hueleweka vizuri zaidi zikishikwa mahali maalumu.

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mchanga, saruji na mawe ya matumbawe yanayoshushwa ufukweni kutoka majahazini hufika kwenye nyumba zinazojengwa kwa mgongo wa punda. Tangu mwaka 1987 kuna zahanati ya punda mjini, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary. Kwa hiyo mtafiti anakuta, ndani ya eneo analoweza kulizunguka kwa miguu, wamiliki, wachukuzi wa kukodiwa, matabibu wa mifugo na wanyama wenyewe.

Hatua ya kwanza: Wasome waliotangulia, hasa walivyopima

Usisome machapisho kwa ajili ya kutafuta nukuu za kupamba sura ya pili. Soma ili ujue mtu alipataje kujua anachodai kukijua. Afrika Mashariki na jirani zake zina mifano bora duniani, na inasikitisha kuona wanafunzi wetu wakianza na vitabu vya mbwa wa Ulaya.

Chukua mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack pamoja na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha kwamba warina asali wa Kiborana, walipoongozwa na ndege huyo, walitumia wastani wa saa 3.2 kuupata mzinga, ambapo bila yeye walitumia saa 8.9. Wazee walikuwa wakilisema jambo hilo siku zote. Kazi ya watafiti hao ilikuwa kulipima. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake, wakiwa na warina asali wa Kiyao huko Niassa, Msumbiji, waliuliza swali gumu zaidi: je, ndege anaelewa mwito maalumu anaoitwa nao, au anavutwa na sauti yoyote ya binadamu? Walicheza mwito huo kwenye kipaza sauti, na kwa kulinganisha wakacheza maneno ya kawaida ya watu na sauti za wanyama wengine. Mwito wa Wayao ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walilinganisha Wayao na Wahadza wa Tanzania, ambao humwita ndege huyo kwa mluzi, wakakuta kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi mwito wa watu wa hapo.

Tazama pia kazi ya Karen McComb na wenzake huko Amboseli, iliyotoka mwaka 2014. Tembo walisikilizishwa sauti za watu waliosema sentensi ileile moja, wengine kwa Kimaasai na wengine kwa Kikamba. Waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao baadhi yao huwachoma tembo mikuki, walijikusanya na kurudi nyuma zaidi kuliko waliposikia Wakamba. Tena sauti za wanawake na wavulana hazikuwashtua kiasi hicho. Sentensi ilikuwa moja. Kilichobadilika ni msemaji tu. Huo ndio ulinganisho wa kisayansi unaopaswa kuujifunza, hata kama utafiti wako hautakuwa na kipaza sauti.

Hatua ya pili: Punguza mada mpaka iwe swali

“Uhusiano wa watu na punda Lamu” ni mada, na mada haijibiki. Jiulize ni watu gani, ni kitendo gani, na unalinganisha nini na nini. Katika mfano wetu swali linaweza kuwa hili: je, mmiliki anayemfanyisha kazi punda wake mwenyewe na mchukuzi anayemfanyisha kazi punda wa mtu mwingine wanatofautiana vipi katika kupakia, kupumzisha na kutafuta matibabu? Nadharia tete yake haiko mbali: anayelipwa kwa idadi ya safari, na ambaye punda akiumia hasara si yake, atampumzisha punda kidogo zaidi. Huenda ikawa kweli, huenda isiwe. Mchukuzi anayetegemea kupewa punda yuleyule kesho naye ana sababu ya kumtunza, na swali zuri ni lile ambalo majibu yake yote mawili yana maana.

Hatua ya tatu: Anza na maneno ya watu

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kabla hazijaanza. Vipimo vinavyotumika sana duniani kupima mapenzi ya mtu kwa mnyama vilitungwa kwa wafugaji wa mbwa na paka wa nchi tajiri. Kipimo cha Lexington cha mwaka 1992, kwa mfano, kina sentensi 23 ambazo mtu hukubali au kukataa, na kilitengenezwa Kentucky, Marekani, kwa wanyama wanaofugwa kwa ajili ya kuwa pamoja nao. Ukikitafsiri neno kwa neno na kumsomea mwenye punda wa Lamu, atakujibu, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na wewe ni mgeni. Majibu utayapata, ila hutajua yanajibu nini.

Kwanza kaa ufukweni wiki nzima usikilize. Andika maneno yanavyotamkwa: punda “amemzoea” mtu, punda “ana adabu”, punda “amekataa”, punda “amechoka” na punda “amevunjika moyo” si mambo yaleyale. Neno mazoea, ambalo wanafunzi wengi hulipita wakikimbilia upendo, lina utajiri mkubwa: linabeba muda, linabeba kufahamiana kwa pande mbili, na linaweza kuchunguzwa kwa macho, maana punda aliyemzoea mtu husimama apakiwe bila kushikwa hatamu.

Sikiliza na sarufi. Kiswahili humpa kila mnyama upatanisho wa viumbe hai: punda anakuja, kifaru amelala, vipepeo wamejaa. Kwa hiyo huwezi kudai kwamba msemaji anamheshimu mnyama kwa sababu amesema “yeye”, lugha imeshamwamulia. Lakini pale msemaji anapoiacha njia hiyo kwa hiari yake, akasema “kipunda kile kimeanza tena” au “lile lipunda lao”, amekuonyesha huba, dharau au ghadhabu, na sauti yake itakuambia ni ipi. Yaandike maneno hayo jinsi yalivyo, pamoja na kilichokuwa kikitendeka alipoyasema.

Methali nazo zisikupotoshe. “Punda afe, mzigo ufike” na “shukrani ya punda ni mateke” zitatajwa mbele yako siku ya kwanza. Ni data ya usemi, si ushahidi wa namna mtu huyo anavyomtendea mnyama wake asubuhi.

Baada ya hapo ndipo utunge hojaji. Iandike kwa Kiswahili tangu mwanzo ikiwa unaweza. Kama ni lazima utumie kipimo cha kigeni, mtu mmoja atafsiri, mtu mwingine ambaye hajauona mwanzo airudishe katika lugha ya awali, kisha mlinganishe. Ukimaliza, ijaribu kwa watu wachache ambao hawatakuwa katika sampuli yako, ukimwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewa nini.

Hatua ya nne: Vibali, ridhaa, na kidonda utakachokiona

Nchini Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa rasmi, kisha utajitambulisha kwa mamlaka za kaunti na kwa wazee wa mtaa. Tanzania kibali hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa wanyamapori huhusisha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Anza mapema, kwa sababu hakuna hatua inayochelewesha tasnifu kama hii. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinakuhusu pia: majina ya watafitiwa yakae mbali na majibu yao, na picha ya mtu isipigwe wala kuchapishwa bila ridhaa yake.

Kwa upande wa mnyama, kanuni tatu zilizowekwa na Russell na Burch mwaka 1959 bado ndizo msingi: tumia njia isiyohitaji mnyama pale inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na punguza maumivu yao. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya maabara. Uwandani kuna swali lingine ambalo fomu nyingi haziliulizi: utafanya nini ukimwona punda ana kidonda kibichi chini ya tandiko, naye anapakiwa?

Liamue swali hilo kabla ya kusafiri na uliandike katika pendekezo lako. Mimi sikuliamua. Katika safari yangu ya kwanza nilisimama na saa mkononi, nikahesabu safari saba za punda aliyekuwa akivuja damu begani, nikijiambia kwamba nikisema neno nitaiharibu data. Sasa wanafunzi wangu hufuata utaratibu huu: uchunguzi wa mnyama huyo unasimamishwa, mwenye punda anaambiwa faraghani na kwa heshima, anapewa taarifa za matibabu yaliyopo, na tukio lote linaandikwa daftarini, likiwemo lile aliloamua mwenyewe. Data inayopotea ni ndogo. Imani ya watu, wakiona unamjali mnyama wao bila kuwaaibisha mbele ya wenzao, ni kubwa.

Hatua ya tano: Mjue mnyama kabla ya kumwandika

Punda huficha maumivu. Farasi mwenye maumivu ya tumbo mara nyingi hujigaragaza. Punda mgonjwa husimama kimya, akainamisha kichwa, akapunguza kula, na asiyemjua humwandika kuwa “ametulia”. Ndiyo maana unahitaji siku kadhaa kando ya tabibu wa mifugo kabla ya kuanza kurekodi. Jifunze vipimo vya kawaida vya punda mzima aliyepumzika: joto la mwili nyuzi 36.5 hadi 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28 kwa dakika. Jifunze kumpa alama ya unene kuanzia 1, aliyekonda sana, hadi 5, aliyenenepa kupita kiasi, kwa kumpapasa shingo, mbavu na nyonga. Na usimwendee kutoka nyuma. Mwendee kwa upande wa bega, akuone, na umwache mwenyewe amshike.

Kisha tunga ethogramu, yaani orodha ya vitendo vya mnyama na vya mtu, kila kimoja kikiwa na maana isiyoyumba. “Kupumzika” ni neno la mtaani mpaka ulifafanue: punda amesimama au amelala bila mzigo mgongoni kwa dakika moja au zaidi, na hakuna anayemsukuma. “Kupiga” nako kugawe: kugusa kwa fimbo, kuchapa mara moja, kuchapa mfululizo. “Kukagua” ni mtu kunyanyua tandiko au shogi, yaani mfuko wa mzigo wa punda, na kutazama au kupapasa ngozi iliyo chini yake. Kitendo usichokifafanua kila siku utakirekodi kwa namna tofauti.

Hatua ya sita: Tazama kwa utaratibu

Makala ya Jeanne Altmann ya mwaka 1974 kuhusu mbinu za kuchagua cha kutazama bado haijapitwa, na inapendeza kujua kwamba mwandishi wake amewachunguza nyani wa Amboseli kwa miaka mingi. Onyo lake kuu ni kwamba ukiandika kila kinachokuvutia, utaandika vurugu tu, kwa sababu vurugu huvutia macho. Mbinu mbili zitakutosha. Ya kwanza ni kumfuata punda mmoja na mtu wake kwa dakika 20, ukirekodi kila kitendo kilichomo katika ethogramu na muda wake. Ya pili ni kusimama ufukweni na kila baada ya dakika 10 kupitisha macho kwa punda wote waliopo, ukiandika kila mmoja anafanya nini wakati huohuo. Nani afuatwe na saa ngapi, iamuliwe kwa kura jioni iliyotangulia, wala isitegemee nani yuko karibu na kivuli.

Ukiwa na msaidizi, pimeni kukubaliana kwenu. Tuseme mmetazama matukio 100 yaleyale, kila mmoja akiandika “anapumzika” au “anafanya kazi”, na mmekubaliana katika 85. Wewe umeandika kupumzika mara 60, msaidizi mara 55. Kwa bahati tu mngekubaliana katika sehemu ya 0.60 × 0.55 jumlisha 0.40 × 0.45, yaani 0.51. Kappa ya Cohen, yaani kipimo cha kukubaliana baada ya kuondoa bahati, ni 0.85 toa 0.51, gawanya kwa 0.49, unapata takriban 0.69. Inaridhisha, lakini rudini kwenye yale matukio 15 mliyotofautiana. Mara nyingi mtakuta yote yanatokana na ufafanuzi mmoja uliolegea.

Kumbukeni pia kwamba mnyama anawatazama ninyi. Farasi Hans wa Berlin aliaminiwa kuwa anajua hesabu, mpaka Oskar Pfungst alipoonyesha, mwaka 1907, kwamba alikuwa akisoma miondoko midogo ya kichwa na mwili ya muulizaji; muulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua. Huko Gombe, ndizi ambazo kambi ya Jane Goodall iliwawekea sokwe zilirahisisha kuwatazama, lakini ziliongeza pia ugomvi baina yao. Msimpe punda chochote mkiwa kazini, na siku za kwanza mtakazokuwapo, wakati watu na wanyama bado wanawashangaa, zisiingie katika hesabu.

Hatua ya saba: Mahojiano

Yafanye baada ya kutazama, ili uulize kuhusu mambo uliyoyaona. Usimzuie mtu mwenye mzigo. Subiri alasiri, au barazani jioni. Acha “unampenda punda wako?” na uulize “nieleze ulivyompata”, “siku gani alikutia hofu?”, “nani mwingine nyumbani kwako anamjua?”

Ami mmoja niliyezungumza naye alinikatiza mapema. “Huyu ni wa kazi tu, mwanangu. Mapenzi nini?” Alikuwa amemsimamisha punda ukutani apakie mchanga. Huku akisema hivyo, mkono wake wa kushoto uliinua ukingo wa gunia la tandiko, na vidole vikapita taratibu juu ya ngozi, kutoka begani hadi kiunoni, vikitafuta chembe za mchanga. Akaipata moja, akaipangusa kwa kidole gumba, akalishusha gunia, akalinyoosha mkunjo, ndipo akaita mzigo uletwe. Hojaji ingeandika “hana mapenzi”. Ethogramu iliandika “kukagua, sekunde 40”. Utafiti mzima uko katika kuyaweka maandishi hayo mawili kwenye ukurasa mmoja bila kulifuta lolote.

Hatua ya nane: Uchanganuzi

Kosa la kwanza la kuepuka ni la kuhesabu. Ukimtazama kila mmoja wa watu 20 mara 10, huna watu 200. Una watu 20, na mtu mmoja mkali aliyetazamwa mara kumi asihesabiwe kama watu kumi wakali. Chukua wastani wa kila mtu, au tumia modeli inayotambua kwamba vipimo vya mtu mmoja vinafanana, na umwone mtakwimu kabla ya kukusanya data, si baada yake.

Kosa la pili ni kugeuza mfuatano kuwa sababu. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake waliripoti wagonjwa 92 wa moyo nchini Marekani: kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, 3 walikuwa wamefariki baada ya mwaka mmoja, kati ya 39 wasiokuwa nao, 11. Tofauti hiyo ni kubwa na ilifungua uwanja mzima wa utafiti. Hata hivyo mtu mwenye nguvu za kufuga huenda tayari alikuwa na afya bora, na idadi hizo peke yake haziwezi kukata shauri. Vivyo hivyo Lamu: ukikuta punda wa wamiliki wamenenepa kuliko punda wa kukodi, jiulize kwanza kama punda wazee na dhaifu ndio wanaokodishwa.

Usisahau pia mkono wa soko. Sensa za Kenya zilihesabu punda karibu milioni 1.8 mwaka 2009 na karibu milioni 1.2 mwaka 2019. Katikati ya kipindi hicho machinjio yalifunguliwa ili kuuza ngozi China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya ejiao. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Bei ya punda inapopanda, mtu humlinda zaidi, au humuuza. Andika tarehe ya kila mahojiano, kwa kuwa jibu la kabla na la baada ya badiliko kama hilo si jibu moja.

Hatua ya tisa: Kuandika na kurudi

Katika sura ya matokeo, weka takwimu na simulizi pamoja chini ya kila swali, zikijibizana. Pale zinapopingana, sema hivyo waziwazi. Eleza wanyama kwa vitendo ulivyovifafanua, na ukitumia neno kama “hofu” au “mazoea” mwonyeshe msomaji ni vitendo gani vilivyokufikisha hapo.

Kabla ya kukabidhi, rudi. Omba nusu saa barazani baada ya sala ya isha, usome matokeo kwa Kiswahili cha kawaida bila majina ya watu, na uchukue daftari. Nilipofanya hivyo, wenye punda waliipokea hesabu yangu ya mapumziko kwa kimya, kisha mmoja wao akauliza kama nilirekodi maji kujaa na kupwa. Sikuwa nimerekodi. Akaeleza kwamba jahazi likifika maji yakiwa yamejaa, mchanga lazima ushushwe upesi kabla hayajapwa, na siku hiyo hakuna punda anayepumzika, awe wa mwenyewe au wa kukodi. Nilirudi chumbani, nikafungua majedwali ya maji ya mwezi ule, nikaanza uchanganuzi upya.